Mgeni Mpe Pedi Nzima

Kila klabu ya gemu chuoni ina pedi moja mbovu, na kila mwanaklabu anaijua. Yetu ilikuwa nyeusi, imezungushiwa solotepu pembeni, na kijiti chake cha kushoto kilikuwa kinavuta chenyewe kuelekea kulia. Ukimsahau beki wako kidogo tu, unamkuta ameshatembea zake hadi kwenye kibendera cha kona. Wazoefu walikuwa wanawahi zile nzima na kuziweka mapajani kabla hata runinga haijawashwa. Iliyobaki mezani ndiyo hiyo nyeusi, na anayeangukiwa nayo ni yule asiyejua ipi ni ipi, yaani mgeni.

Jioni moja walikuja wasichana wawili wa mwaka wa kwanza. Mmoja alikuwa amevaa koti la jinzi, na aliishika ile pedi kama mtu anayepima uzito wa embe sokoni. Akafungwa tano bila. Kila beki wake alipojiendea, chumba kizima kikacheka. Hakulalamika kwamba pedi ni mbovu kwa sababu hakujua. Alidhani ni yeye. Saa tatu kasoro robo akaondoka kuwahi geti la hosteli, na hatukumwona tena. Mimi ndiye niliyekuwa katibu, mwanamke peke yangu kwenye kamati ya watu saba, na daftari la mahudhurio lilikuwa mkononi mwangu. Nikaandika "wageni 2". Kwamba hawakurudi sikuandika popote, maana daftari lenyewe halikuwa na safu hiyo.

Nawaandikia ninyi mnaoendesha klabu za gemu vyuoni, iwe mna runinga nne na ufadhili au mna PlayStation moja ya mwenyekiti inayobebwa kwenye begi la mgongoni. Mbele kidogo nitaongea na dada zangu pia. Lakini nianze na wenye nyumba.

Wenyeviti wengi wakiulizwa mbona wanachama wote ni wavulana, jibu ni moja: wasichana wenyewe hawapendi gemu. Mtaani kwetu palikuwa na kibanda cha PlayStation nyuma ya duka la mangi, mechi moja shilingi 200. Kaka yangu akitumwa chumvi anapitia kibandani, anarudi baada ya saa nzima, anafokewa kidogo, yamekwisha. Mimi nikichelewa dakika kumi, mama yuko mlangoni. Hata kibandani kwenyewe, wavulana wamebanana kwenye benchi, pazia la khanga limeteremshwa ili mwanga usipige kioo; mtoto wa kike akisogea anaulizwa amefuata nini. Tulipofika chuoni, kaka alikuwa na miaka kumi ya kucheza na mimi nilikuwa na miaka kumi ya kuchungulia. Kwa hiyo mnapomwona msichana anabonyeza vitufe kwa kubahatisha, kumbukeni kwamba mnatazama saa alizonyimwa. Za kaka yake zililipiwa kwa chenji ya chumvi.

Sasa tufanye kazi. Anzeni na daftari. Ongezeni safu mbili: amerudi mara ya pili, amerudi mara ya tatu. Klabu inaweza kujaza ukumbi wasichana arobaini siku ya kuwakaribisha mwaka wa kwanza, ikapiga picha, na mwezi unaofuata wakabaki wawili. Hesabu ya siku ya kwanza inapima ubora wa bango lenu. Hesabu ya mara ya tatu ndiyo inayopima klabu. Na wale wasiorudi, mtafuteni mtu asiye mwenyekiti awaulize swali moja dogo: mara ya mwisho ulikaa muda gani bila kucheza? Msiwaulize kwa nini hawakurudi. Mtu wa heshima atawaambia alikuwa na mtihani.

Swali hilo nililichagua baada ya kupiga hesabu ambayo ningepaswa kuipiga mwaka mzima nyuma. Sisi tulirithi sheria ya kibandani: aliyefungwa anatoka, mshindi anabaki. Kibandani sheria hiyo ina mantiki, kwa sababu aliyefungwa ndiye anayelipa na mwenye kibanda anataka pesa izunguke. Chuoni hakuna anayelipa, ila sheria tuliibeba hivyo hivyo. Chukueni watu kumi na wawili, runinga moja, kuanzia saa 11 jioni hadi saa 3 usiku. Mechi ya FIFA yenye vipindi vya dakika 6, ukijumlisha kuchagua timu, kupanga kikosi na kubishania penalti, inakula robo saa. Kwa saa nne mnapata mechi 16. Mgeni anaingia, anafungwa, anarudi mkiani. Mbele yake kuna watu tisa na mechi inayoendelea, kwa hiyo zamu yake itafika baada ya saa mbili na nusu. Wakati huo huo, fundi wa klabu anaweza kukaa kwenye kiti jioni nzima. Anayehitaji mazoezi amecheza robo saa, na asiyehitaji amecheza saa nne. Ukiwa mvulana mgeni unavumilia, kwa kuwa benchini una rafiki wa kutaniana naye. Msichana aliyekuja peke yake anakaa saa mbili na nusu akitazama migongo ya watu, halafu geti linafungwa.

Punguzeni kipindi kutoka dakika 6 hadi 4. Mechi itakuwa kama dakika 10 pamoja na mbwembwe zake. Kila mtu acheze mechi mbili mfululizo, ashinde au afungwe, kisha ampishe mwingine. Saa zile zile nne zinatoa mechi 24, yaani nafasi 48, yaani mechi nne kwa kila mmoja wa wale kumi na wawili. Kama mna runinga ya pili, iacheni moja iendelee na sheria ya mshindi anabaki kwa wanaopenda vita, na nyingine iende kwa zamu. Tahadhari moja: msiiite runinga ya wasichana. Mkiiita hivyo, mvulana mgeni ataona aibu kuisogelea, na msichana hodari ataona amewekwa pembeni. Iiteni runinga ya zamu.

Nasema FIFA kwa mazoea. Tangu 2023 jina limekuwa EA Sports FC, ila mtaani jina la zamani halijafa na sidhani litakufa leo. Kuna jambo dogo ndani ya mchezo huo linalofaa kujulikana. FIFA 16, iliyotoka 2015, ndiyo ya kwanza kuwa na timu za taifa za wanawake, 12. Kufikia FC 24, wachezaji wa kike na wa kiume waliwekwa pamoja kwenye kikosi kimoja katika Ultimate Team. Nilichokiona klabuni ni kwamba timu za wanawake zilikuwa zinachaguliwa na mvulana kwa niaba ya msichana, kwa kicheko: "chukua wenzako hawa". Hiyo acheni. Atakayeitaka timu ya wanawake ataichagua mwenyewe, kama mwingine anavyochagua Real Madrid.

Na msiishie kwenye mpira. Tekken ni rafiki wa foleni: raundi moja kwa kawaida ina sekunde 60, pambano linakwisha kwa dakika chache, mtu akifungwa hajasubiri mno kujaribu tena. Halafu ziko simu. Wanafunzi wengi wa kike niliowahi kucheza nao mashine yao ya kwanza ilikuwa simu, na walikuwa wazuri kwenye Call of Duty Mobile na eFootball kuliko tulivyodhani, kwa sababu simu inachezwa chumbani bila kuomba ruhusa ya kupita kwenye pazia la khanga. Wekeni meza ya simu yenye soketi za kutosha na intaneti ya chuo. Watangazieni watu wapakue masasisho ya gemu siku moja kabla, wakiwa kwenye Wi-Fi, maana masasisho hayo yanaweza kumeza bando la wiki nzima, na mtu hatakuja kuwaambia kwamba ameshindwa kucheza kwa kukosa bando. Atasema simu yake ina tatizo.

Kufundisha. Hapa ndipo wema wa wavulana unapoharibu mambo. Msichana anakosea, kaka anayependa kusaidia anasema "lete nikuoneshe", anachukua pedi, anapiga chenga tatu na goli, anarudisha pedi. Msichana amejifunza nini? Kwamba kaka anajua. Sisi tulikuja na sheria kwamba anayefundisha anaweka mikono nyuma ya mgongo wake. Afundishe kwa mdomo, na jambo moja kwa siku. Kama ni mpira, jambo la kwanza si chenga: mwambieni ashikilie L2 anapokaba, akae mbele ya mshambuliaji badala ya kuukimbilia mpira. Mgeni aliyejifunza hilo peke yake hafungwi tano tena, anafungwa mbili, na mtu aliyefungwa mbili anarudi. Kama ni Tekken, ajifunze kuzuia kabla ya kupiga: kurudi nyuma kwa mapigo ya juu na ya kati, kuinama kwa ya chini. Akishajua kuzuia, mpinzani wake atalazimika kufikiri.

Muda na mahali ni sehemu ambayo mwanaume anaweza kuendesha klabu miaka mitatu asiione. Hosteli nyingi za wanawake zina saa ya kufunga geti, na kutoka ukumbini hadi hosteli kuna njia isiyo na taa. Klabu inayoanza saa 1 usiku imeshachagua wanachama wake bila kusema neno. Tulihamishia kikao kimoja kati ya viwili Jumamosi asubuhi, saa 3 hadi saa 7, kwenye chumba cha semina. Wavulana walinung'unika kwamba Jumamosi ni ya kulala na kufua. Wakaja. Angalieni pia kama choo cha wanawake karibu na ukumbi kiko wazi siku hiyo. Cha kwetu kilikuwa kinafungwa Ijumaa jioni na ufunguo unaondoka na mhudumu, na ilibidi katibu, yaani mimi, niuombe. Acheni nafasi ya sala katika ratiba. Na kama kikao cha usiku hakiepukiki, pangeni watu watoke kwa kundi, msimwachie mtu aombe kusindikizwa, kwani ombi hilo wengine hulisikia kama mwaliko.

Nikae hapo hapo kwenye ukumbi kwa sababu ya kisa kimoja. Mnapoandika barua ya kuomba chumba, msiandike tu "klabu ya michezo". Wala msitumie neno la Kiingereza la "gaming" mkadhani mmeeleweka. Nchini Tanzania taasisi yenye neno hilo katika jina lake la Kiingereza ni Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, na ofisa mmoja wa chuo aliisoma barua yetu akatuita kutuonya kuhusu kamari. Andikeni "michezo ya video". Kisha muwe wakweli: kama kwenye klabu yenu watu wanachezea dau la buku buku pembeni, komesheni. Pesa ikiingia, mgeni anageuka kuwa ama mteja au usumbufu, na ugomvi wa saa 2 usiku juu ya shilingi elfu tano ndio unaomfanya mzazi wa binti aambiwe na jirani kwamba mwanawe ameonekana kwenye kamari.

Wahenga walitupa utaratibu mzuri: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Klabu nyingi humpa msichana jembe siku ya kwanza. Anafika, anakaribishwa kwa bashasha, anapewa daftari aandikishe watu. Wiki inayofuata anaulizwa kama anaweza kusimamia maandazi. Mimi nilikuwa katibu mwaka mzima, na nikihesabu mechi nilizocheza mwaka huo hazifiki za mvulana mmoja wa kawaida kwa mwezi. Kalamu haikunitoka mkononi. Basi kabla hamjampa mwanamke kazi yoyote, hakikisheni amecheza. Baada ya hapo mpeni kazi zenye sauti: uamuzi wa mechi, kupanga droo, kutangaza mpira. Kutangaza hasa. Tulikuwa na dada mmoja wa Ualimu, mnyamavu mno darasani, siku tuliyompa kipaza sauti nusu fainali ilijaa watu waliokuwa wanapita tu kuelekea kantini.

Sasa nikiri kosa langu, kwa kuwa nawashauri kana kwamba nilizaliwa nikiyajua. Mwaka wa pili tuliandaa mashindano ya wanawake. Bango lilikuwa la waridi. Zawadi ya wanaume ilikuwa fedha taslimu. Ya wanawake ilikuwa seti ya sufuria. Nilikaa kwenye kikao kile, nikaandika "sufuria" kwenye kumbukumbu kwa mwandiko wangu mzuri, na sikusema kitu. Walijiandikisha sita. Bingwa alizipokea zile sufuria akacheka, akauliza kwa sauti ya kutosha kama mshindi wa wanaume naye amepewa ufagio. Sijui kama nimewahi kuona aibu kama ile tena.

Je, mashindano ya wanawake peke yao yanafaa? Wengine watakwambia ni ubaguzi wa aina nyingine, na hoja yao haina upumbavu: kwenye kubonyeza vitufe hakuna mbio za misuli. Lakini tatizo halikuwa misuli, lilikuwa zile saa za kibandani. Kampuni ya Riot Games ilianzisha mwaka 2021 mfumo wa mashindano ya wanawake kwenye mchezo wa Valorant, unaoitwa Game Changers, na mchezaji aliyemo humo hazuiwi kuingia kwenye timu za mashindano makuu. Nakilini hicho kipengele cha mwisho. Fanyeni mashindano ya wanawake, zawadi iwe ya aina moja na ya wanaume, wakati uwe mzuri badala ya kuwa kipasha joto cha kabla ya fainali "yenyewe", na nne bora waingie moja kwa moja kwenye droo kuu ya klabu. Msichana anayetaka kuruka hatua hiyo na kujiandikisha kwenye droo kuu tangu mwanzo, mwacheni. Mlango mmoja zaidi haufungi ule wa zamani.

Atakapoanza kushinda, jiandaeni na maneno. Mwaka 2016 msichana wa Korea Kusini, Kim Se-yeon, anayejulikana kwenye Overwatch kama Geguri, alilenga shabaha kwa usahihi kiasi kwamba wapinzani wakamtuhumu kutumia programu ya udanganyifu. Alikuwa na umri wa miaka 17. Ikabidi akae studioni, kamera ikiwa imeelekezwa mikononi mwake, acheze mbele ya watu ndipo waamini. Mwaka 2018 akawa mwanamke wa kwanza kucheza Overwatch League, akiwa na Shanghai Dragons. Chuoni kwetu tuhuma huwa nyepesi zaidi na chungu vile vile: eti akaunti anachezewa na kaka yake, au bwana wake. Dawa yake ni kuwa na sheria moja ya uhakiki iliyoandikwa kabla ya mashindano na inayomhusu kila mtu. Hatua za mwisho zichezwe ukumbini, mbele ya mwamuzi, kila mtu na kitambulisho chake. Mkisubiri tuhuma ndipo mtunge sheria, mtakuwa mmemtungia yeye.

Mtandaoni ni hadithi nyingine, na ndiko wengi wanakochezea baada ya kikao. Watafiti wawili wa Marekani, Jeffrey Kuznekoff na Lindsey Rose, walicheza Halo 3 wakitumia sauti zilizorekodiwa: ya mwanamume, ya mwanamke, na mara nyingine kimya. Maneno yalikuwa yale yale. Sauti ya kike ilipokea maneno mabaya mara tatu ya yale iliyoyapokea ile ya kiume. Utafiti mwingine wa 2015, wa Kuznekoff huyo huyo na Michael Kasumovic, ulikuta kwamba wanaume waliomtukana zaidi mwanamke walikuwa wale wanaocheza vibaya. Waliocheza vizuri walikuwa wapole zaidi kwake. Niliposoma hilo nilikumbuka sura kadhaa za pale klabuni, na wasomaji wengi nadhani mna za kwenu. Kwa mwenyekiti lina matumizi ya moja kwa moja: bingwa wenu huenda si tatizo, na akimkaribisha msichana kwenye timu yake wengi watamfuata. Macho yaelekezeni kwa yule wa nafasi ya tisa aliyefungwa na msichana jana.

Andikeni kanuni fupi za kundi la WhatsApp na la Discord, zisizidi ukurasa, na muwe na majina mawili ya watu wa kupokea malalamiko, mmoja mwanamke. Mtu akitukana, anyamazishwe siku hiyo hiyo. Akirudia, atolewe, hata kama ndiye mwenye mashine. Hapo kwenye "mwenye mashine" ndipo klabu nyingi hufa ganzi, najua. Kusanyeni pesa mnunue mashine ya mtumba ya klabu. Kwa mambo mazito, picha za skrini zihifadhiwe pamoja na tarehe na jina la akaunti kabla hamjamzuia mtu, kwa sababu baadaye ujumbe hufutwa. Sheria zipo: Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, ambayo kifungu cha 23 kinahusu unyanyasaji wa mtandaoni, Kenya ina ya 2018, ambayo kifungu cha 27 kinagusa usumbufu wa mtandaoni na cha 37 usambazaji wa picha za faragha. Kama chuo kina dawati la jinsia, mwenyekiti ajue chumba chake kiko wapi kabla hajahitaji kukitafuta huku ameshika mkono wa mtu anayelia.

Halafu lile ambalo vikao havilisemi. Msichana anajiandikisha Jumamosi, Jumapili ana jumbe tano: "mambo vipi, umecheza vizuri jana". Watano hao hawakumwambia kitu ukumbini. Namba ilitoka kwenye daftari langu. Namba za usajili ni za kazi ya klabu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 haikuandikwa kwa ajili ya mabenki peke yake. Daftari likae kwa mtu mmoja. Tangazeni waziwazi mbele ya wote kwamba atakayechukua namba humo kutongoza ametoka klabuni. Watu kupendana hatuwezi kuzuia, na wapo waliooana; ila mtu aombe namba kwa mdomo wake, na akikataliwa wiki ijayo wacheze kama kawaida.

Dada zangu, nimewaweka mwisho kwa makusudi, maana makala nyingi za namna hii huanza na ninyi, kana kwamba chumba kikiwa na moshi dawa ni kuwafundisha mnaoingia namna ya kukohoa.

Mara ya kwanza nenda na mwenzako, hata kama yeye hachezi. Jipe nusu saa kwa siku kwenye hali ya mazoezi, ambako hakuna mtu wa kucheka, na uchague mhusika mmoja au timu moja ubaki nayo mwezi mzima. Ukipewa pedi, kabla mechi haijaanza, iachie kijiti, tazama kama mchezaji anatembea mwenyewe. Akitembea, omba nyingine. Usiombe radhi unapoiomba. Mtandaoni, kutumia jina lisiloonesha jinsia au kuzima maikrofoni si woga. Na kuiwasha si uchokozi. Chagua kwa siku. Mtu akitukana, mzime na umripoti, huna deni la kumjibu. Na usikubali kazi ya kubeba wanawake wote mabegani: ukifungwa, umefungwa wewe, siku hiyo, na mtu fulani. Wavulana hufungwa kila Jumamosi na hakuna anayesema jinsia yao haiwezi.

Ukihitaji mfano wa karibu, mtazame Sylvia Gathoni wa Kenya, QueenArrow kwenye Tekken. Mwaka 2018 alisajiliwa na timu ya Marekani ya UYU akiwa bado anasomea sheria. Nampenda kwa hiyo sehemu ya pili. Mama yangu ananiuliza hadi leo gemu zilinisaidia nini na shahada, na ni vizuri kuwa na mtu wa kumtaja.

Turudi kwenye ile pedi nyeusi. Baada ya zile sufuria niliomba jambo moja kikaoni, na wakanipa kwa kunihurumia nadhani. Tuliziandika pedi namba kwa kalamu ya wino mzito, tukaziweka zote kwenye kapu la ukindu alilolileta dada wa Ualimu, na kila anayekalia kiti akawa anatumbukiza mkono bila kutazama. Jumamosi ya kwanza nyeusi ilimwangukia mvulana wa mwaka wa tatu ambaye alikuwa hajafungwa muhula mzima. Beki wake akatembea hadi kwenye kibendera. Akafungwa tatu moja, na aliyemfunga alikuwa binti wa mwaka wa kwanza, mwenye mechi zisizozidi ishirini maishani mwake. Akasimama, akasema klabu gani hii isiyoweza kutengeneza pedi, mambo ya aibu, mnafanya nini na michango ya watu.

Ile pedi ilikuwa mbovu kwa mwaka mmoja na miezi miwili. Jumanne ilipelekwa kwa fundi.